Ufunguo wa Geti Atashika Nani?

Jumamosi, saa kumi na dakika arobaini jioni, uwanja wa murram, yaani udongo wa changarawe, katika mtaa mmoja wa Eastlands, Nairobi. Watoto wa chini ya miaka 12 wanamalizia mechi yao upande wa bondeni. Magoli ni mawe mawili huku, mawili kule. Upande wa juu wanaume waliovuka thelathini wamekalia tairi, wanafunga njumu. Mama aliyebeba mtungi wa maji anaukata uwanja mshazari, na mpira unamsubiri apite. Kwenye kona kijana anajifunza kuendesha bodaboda. Hakuna ubao wa ratiba, hakuna kengele. Wanaume wanasimama nyuma ya goli la watoto, wanaanza kupigiana pasi fupi, polepole, bila kusema neno. Watoto wanaelewa. Dakika tano baadaye mawe yameondolewa na mechi nyingine imeanza.

Sasa weka juu ya picha hiyo mchoro wa kawaida wa kuboresha uwanja, ule unaobandikwa kwenye bango la mradi: nyasi bandia, ngazi za zege za kukalia, uzio wa waya kuzunguka pande zote nne, na geti upande wa barabara.

Geti moja.

Geti hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Geti lina kufuli, kufuli lina ufunguo, ufunguo una mtu, na mtu ana bei. Sipingi uzio; mpira unaoingia barabarani huenda na mtoto nyuma yake, na hilo halina mjadala. Ila zile dakika tano za wanaume na watoto kupokezana uwanja hazimo kwenye mchoro, na kisichochorwa ndicho kinachobomolewa kwanza. Kazi ya utafiti wa usanifu, yaani kutazama, kuuliza na kujaribu kabla ya kumwaga zege, ni kukichora.

Saa nne asubuhi uwanja huwa mtupu

Utafiti mwingi huharibika kwa sababu ya gari. Gari la ofisi hupatikana siku ya kazi, hutoka mjini saa tatu, hufika mtaani saa nne. Saa nne ya Jumanne watoto wako shule, vijana wako vibaruani, na jua linachoma. Anayeshuka anaona vumbi, mbuzi na mzee aliyejipumzisha kivulini. Anaandika: uwanja hautumiki ipasavyo.

Nairobi, maneno hayo ni hatari. Uwanja "usiotumika" ndio unaoamka asubuhi umezungushiwa mabati na mtu asiyejulikana mwenye hati mkononi. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakiandamana kutetea uwanja wao wa michezo. Hao walikuwa na sare, mwalimu mkuu na jina la shule getini. Uwanja wa mtaa hauna hata kimoja.

Dawa yake ni karatasi na subira. Chapisha picha ya uwanja kutoka setilaiti, fuatisha mipaka kwa kalamu, kisha toa nakala. Gawa siku kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja na nusu jioni kwa vipande vya nusu saa. Hizo ni karatasi 27 kwa siku. Kila nusu saa, weka alama: mtoto, msichana, kijana, mzee, mchuuzi, na mshale kwa anayepita tu. Wawe watu wawili, kila mmoja na nusu yake ya uwanja, maana mtu mmoja hawezi kuhesabu watu arobaini wanaokimbia. Fanya hivyo siku ya kazi, Jumamosi, Jumapili, na siku inayofuata mvua kubwa.

Siku ya baada ya mvua ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofundisha zaidi. Sehemu kubwa ya Eastlands imekalia udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukinywa maji unavimba na kunata kwenye njumu. Ukikauka unapasuka nyufa zinazomeza mguu wa mtoto. Tazama ni kona gani inayokauka kwanza, kwa sababu ndiko mchezo unakohamia. Murram ikimwagwa juu ya udongo huo bila kushindiliwa na bila mteremko, msimu mmoja wa mvua za Machi hadi Mei unatosha kuimeza. Mteremko unaohitajika ni mdogo: sentimita 1 kwa kila mita kuelekea pembeni. Uwanja wa upana wa mita 60 unakuwa umeinuka sentimita 30 katikati, na mchezaji hata hatambui. Kinachotambulika ni maji. Yatatoka, na yatakwenda kwa jirani. Mfereji usiokuwa na mwisho kwenye mchoro utapata mwisho wake mlangoni kwa mtu.

Usiulize wanahitaji nini

"Mnahitaji nini?" ndilo swali la kwanza kwenye fomu nyingi, na jibu linajulikana kabla fomu haijachapishwa: mipira, jezi, nyavu. Si uongo. Kapteni ameona wageni wengi, anajua mgeni mwenye fomu huwa na uwezo wa kuleta nini, na anamrahisishia kazi.

Uliza kuhusu jambo lililotokea. Mara ya mwisho mechi ilipokatizwa, ilikatizwa na nini? Mpira uliochezewa jana ulilala kwa nani? Nani alitarajiwa hakuja, na alituma ujumbe gani? Majibu ya maswali haya yana majina, saa na bei, na hapo ndipo mtu anaanza kusema mambo ambayo hakupanga kuyasema: kwamba timu fulani hulipa kitu kidogo ili isisumbuliwe, kwamba refa wa Jumapili iliyopita aliondoka bila nauli.

Wakati mzuri wa kuuliza ni baada ya mechi, watu wakifungua njumu, kabla giza halijaingia. Una dakika kama kumi na tano. Zungumza na mmoja mmoja. Ukiwakusanya, kapteni ndiye atakayejibu na wengine watatikisa kichwa. Suala la nauli na soda liseme wazi mwanzoni, kiasi kile kile kwa kila mtu. Lisiposemwa litajadiliwa nyuma yako, na siku ya pili utakuta watu wasiocheza mpira kabisa wamejipanga kuhojiwa.

Ufuate mpira

Mpira namba 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 ukiwa mpya. Juu ya murram ngozi yake huanza kubanduka mapema, nyuzi hukatika, na vali huharibiwa na sindano ya pampu iliyochomekwa kavu na yenye vumbi (tone la mafuta ya kupikia lingetosha). Watoto wana wao wa kujitengenezea, na huo nao ulibadilika: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 28 Agosti 2017, juala la zamani, yaani mfuko huo, limekuwa gumu kupata, na mpira unasokotwa kwa nguo kuukuu, sponji na kamba.

Ufuate mpira wa timu kuanzia firimbi ya mwisho. Utaishia kwenye chumba cha mtu. Mara nyingi ni mtu huyo huyo mwenye pampu, mwenye bibu (fulana za kutofautisha timu) zilizofuliwa, na ambaye simu yake ndiyo inayopokea michango ya M-Pesa. Timu nzima imekaa chini ya kitanda chake. Siku akihamia Kayole au akienda ocha, yaani kijijini, kwa mazishi ya wiki mbili, hakuna mechi, na mgeni akipita wiki hiyo ataandika kwamba vijana wamekosa ari.

Andika vitu hivi kwenye ukurasa mmoja: mpira, pampu, bibu, firimbi, nyavu, pesa, orodha ya majina. Mbele ya kila kimoja weka safu mbili. Ya kwanza: nani anakishika. Ya pili: nani anakishika huyo akisafiri.

Safu ya pili ikibaki tupu, umeshapata pa kuanzia, na jibu lake halihitaji zege. Linaweza kuwa sanduku la bati kwenye kibanda cha mama wa chai, lenye kufuli la namba badala ya ufunguo. Lijaribu mwezi mmoja. Kinachoelekea kuharibika si sanduku, ni makubaliano: mama wa chai hufunga saa kumi na mbili, mechi huisha saa kumi na mbili unusu. Nusu saa hiyo ndiyo ya kujadiliwa naye, pamoja na malipo yake, kwa sababu utunzaji ni kazi.

Bomba la mita 6

Magoli nayo huombwa sana, na ndiyo yanayoonyesha wazi jinsi vipimo vya kitabuni vinavyogongana na duka la vyuma.

Goli kamili lina upana wa mita 7.32 kutoka ndani ya nguzo hadi ndani ya nguzo, na urefu wa mita 2.44 kutoka chini hadi ukingo wa chini wa mtambaapanya. Bomba la chuma dukani lina mita 6. Fundi asiyeelezwa atafanya mojawapo ya mawili: atakata goli la mita 6, au ataunga mabomba mawili katikati kabisa. Kiungo cha katikati kitalegea, na baada ya watoto kuning'inia miezi michache goli litakuwa na tumbo.

Hesabu nzuri ni hii. Nguzo ya mita 2.94 inaacha nusu mita ya kuingia chini, na bomba moja linatoa nguzo mbili. Mtambaapanya unafika karibu mita 7.5 ukijumlisha unene wa nguzo. Tumia bomba zima, ongeza kipande cha mita 1.5, na kiungo kikae karibu na nguzo kikiwa na kipande cha bomba jembamba ndani yake kabla ya kuchomelewa. Magoli mawili yanakula mabomba 5, na takriban mita 3 zinabaki.

Halafu kuna wizi. Chuma kilichosimama wazi ni pesa ya skrepu, na kila mtaa una hadithi ya goli lililolala na halikuamka. Njia moja ni soketi: kipande cha bomba la inchi 4 kinazikwa kwenye zege, nguzo ya inchi 3 inaingia humo, inabanwa kwa kabari za mbao, na jioni inang'olewa. Ni wazo zuri, na huharibika kwa namna mbili. Soketi isiyo na kifuniko hujaa mawe ndani ya wiki, na kabla haijajaa ni shimo la kuvunjia kifundo cha mguu. Pia nguzo ya mita karibu 3 haiingii chini ya kitanda. Lazima ilale mahali, na mahali pana mwenyewe, na tumerudi kwenye ile safu ya pili.

Magoli ya kubebeka yanayosimama juu ya miguu yake yanavutia zaidi, nami nayaogopa. Goli la chuma lisilofungwa chini likivutwa kwa mbele huanguka, na anayelivuta kwa kawaida ni mtoto. Kama hamna uhakika kwamba litafungwa kwa vigingi au magunia ya mchanga kila siku, bakini na mawe.

Jambo moja la bure: kama mna uhuru wa kuchagua mwelekeo, uwanja ulale kaskazini kwa kusini. Nairobi iko karibu na ikweta, jua huzama magharibi kwa kiasi kidogo tu cha kuyumba mwaka mzima, na kipa anayetazama magharibi saa kumi na moja na nusu hudaka kwa kukisia. Pembe ya kona mnaipata kwa kamba ya mita 12 yenye fundo kwenye mita ya 3 na ya 7. Vuta pembe tatu ya 3, 4 na 5, na kona imekaa sawa. Mistari ya uwanja mzima ikijumlishwa inakaribia mita 700. Chokaa isiyozimwa huunguza ngozi na macho, na hata iliyozimwa inaweza kuyadhuru, kwa hiyo nunueni unga wa mawe ya chokaa yaliyosagwa tu. Na oili chafu ya gereji, ambayo wengine huimwaga kwa kuwa inadumu, inadumu pia kwenye kidonda cha aliyeanguka.

Kamba kabla ya waya

Hapa ndipo mawazo yangu kuhusu uzio yalipogeuka. Swali si kama uzio uwepo. Swali ni upite wapi, na jibu linaweza kupatikana kwa gharama ya kamba ya sisali na vijiti.

Fungeni kamba kwa urefu wa kiuno pale uzio utakapopita, muiache siku saba, na mtazame inakatwa wapi. Itakatwa. Pale inapokatwa ndipo mama wa mtungi anapopita, ndipo wanafunzi wanapokata kona, ndipo mchuuzi wa mayai na smokie anapoingilia. Waya wa maelfu ya shilingi utakatwa hapo hapo, ila kwa koleo, na utaacha ncha za kuchania watu.

Mara nyingi kamba hiyo inafundisha kwamba uzio wa pande zote haukuhitajika. Mipira mingi inayopotea hutoka nyuma ya magoli na upande wa barabara. Wavu wa urefu wa mita 4 hadi 5 nyuma ya kila goli, na mwingine barabarani, unazuia sehemu kubwa ya hasara na kuacha pande nyingine wazi. Watazamaji wanabaki ukingoni walikozoea kusimama. Anayejua mechi za mashindano ya Koth Biro kule Ziwani anajua kwamba ule ukaribu, watu wakiwa karibu kukanyaga mstari, ni nusu ya mchezo.

Pakihitajika kuzuia magari, kuna mwingilio wa kupindana usio na mlango: vipande viwili vya uzio vinavyopishana, mtu anapita kwa kukata kona. Ukiacha mita 1.2 kiti cha magurudumu kinapita. Bodaboda nayo inapita. Ukibana hadi bodaboda ishindwe, umemfungia nje mwenye kiti. Mimi ningeacha bodaboda ipite.

Saa kumi na moja ni ya nani

Jua la Nairobi huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, mwaka nenda mwaka rudi. Anayetoka kazini mjini saa kumi na moja na kukutana na msongamano wa Jogoo Road hana mechi siku ya kazi. Kwa hiyo saa ya dhahabu ni hiyo ya kumi na moja pekee, na kila mtu anaitaka.

Wasichana huikosa. Maelezo ya haraka ni kwamba hawana hamasa, na mradi unaotokana nayo ni wa kuwahamasisha. Wape badala yake vifuniko 24 vya chupa za soda na karatasi yenye michoro: kulala, shule, maji, kupika, kufua, kulea, kucheza. Kila kifuniko ni saa moja ya jana. Wakimaliza kupanga hakuna anayehitaji kuelezwa kitu. Saa kumi na moja ina sufuria. Jumamosi asubuhi, inayopendekezwa sana kama "muda wa wasichana", ina karai la nguo.

Waulize basi kifuniko kipi kinaweza kuhama, na nani nyumbani anapaswa kukubali kihame. Huenda jibu likawa Jumapili alasiri, huenda likawa kucheza kati (mchezo wa kumrushia mpira aliye katikati) kwa nusu saa karibu na kioski cha maji wakati wa kupanga foleni, jambo linalohitaji kipande kidogo cha ardhi tambarare na si uwanja. Choo kinachofungika kwa ndani hujitokeza pia, na kwenye bajeti huwa cha kwanza kukatwa.

Taa? Mulika mwizi, zile taa za nguzo ndefu, zilipowekwa mitaani zilileta mchezo wa usiku bila mtu kuupanga. Lakini zilisimamishwa kwa ajili ya usalama, zinamulika kila upande kutoka juu sana, na mtu wa timu hana namna ya kuziwasha zikizimika.

Kanuni nayo ni ujenzi

Ubunifu ninaouheshimu kuliko wote katika soka ya mitaa ya jiji hili hauna mchoro. MYSA, chama cha michezo cha vijana, ilianza Mathare mwaka 1987, na iliweka kanuni moja kwenye ligi yake: timu hupata pointi za msimamo kwa kushiriki usafi wa mtaa, si kwa kushinda tu. Takataka ikaingia kwenye hesabu ya ubingwa. Kutokana na mizizi hiyo ikatokea Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2008.

Kanuni hainyeshewi na haiuzwi kwa skrepu. Kwa uwanja wetu wa mwanzo, kanuni ya kupokezana tayari ipo. Kazi iliyobaki ni kujua inakwama wapi. Hukwama timu ngeni inapofika, hukwama mashindano ya mwanasiasa yanapochukua wikendi tatu mfululizo, hukwama wakubwa wakichelewa na watoto wakagoma kutoka. Kwa kila moja, uliza aliyeamua mara ya mwisho ni nani.

Ramani inaweza kugeuka

Shaka yangu kubwa ni hii: karatasi zile 27 zikikusanywa, zinaonyesha saa ambazo uwanja hauna mtu. Kwa mnyakuzi wa ardhi hiyo ni ratiba ya kazi.

Kwa hiyo hesabu za saa kwa saa zibaki kwa timu, na kinachotolewa hadharani kiwe jumla ya siku na orodha ya makundi yanayoutumia. Mtu mmoja afuatilie karatasi za ardhi mapema, kabla ya kapteni yeyote kuonyeshwa mchoro. Bila nambari ya kiwanja huwezi kufanya utafutaji wa hati, hata kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, iliyoanza Nairobi mwaka 2021. Anza na ramani za upimaji. Uwanja ukionekana kuwa ardhi ya umma, pateni nakala. Ukionekana una jina la mtu, ni heri mjue kabla ya kununua bomba la kwanza.

Picha za watoto nazo: Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi. Idhini ya kocha haitoshi. Michoro ya mkono huondoa tatizo hilo lote, na watu huipenda zaidi.

Mwishoni, ripoti ya kurasa 60 haisomwi na mtu wa pale. Andika ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mchoro wa uwanja, makundi na saa zao, uubandike kwenye kibanda cha mama wa chai kwa wiki mbili na kalamu ikining'inia kwa uzi. Acha sentimita 5 tupu kila upande. Watu hawapendi kukata maneno ya mtu yaliyochapishwa, lakini pakiwa na nafasi wataandika, na majina ya timu ndiyo yatakayorekebishwa kwanza. Kalamu iwe ya bei rahisi, maana itaondoka, weka tatu.